Zamu ya Maji

Azza kaniletea insha yake ya chuo,
kurasa nne, juu ya mfereji wetu wa Birkat al-Mauz,
na kalamu nyekundu kaja nayo mwenyewe
kama mtu aendaye kung'olewa jino akabeba na koleo.

Nikasoma. Aya ya kwanza ilikuwa na kila kitu:
mlima, mitende, bei ya ndimu, mvua ya mwaka juzi,
na babu wa watu aliyetumbukia kisimani.
Nikamwambia: mwanangu, aya ni jaruba.
Fungua maji, lijaze moja hadi mizizi ikinai,
kisha ziba kwa jiwe na kitambaa, ndipo ufungue la pili.
Wewe umefungua yote kwa mpigo;
kila mtende umelowa kifundoni, hakuna ulioshiba.

Akacheka. Akakata. Akapanga upya.
Babu wa watu akatolewa kisimani, na katika insha pia.

Lakini ukurasa wa tatu,
katikati ya Kiarabu chake kilichonyooka,
palikuwa na sentensi ya Kiswahili, peke yake,
alama za mtajo kulia na kushoto,
kama mgeni aliyeshushwa na teksi usiku
na mabegi yake mawili, mlango haujafunguliwa:

"Maji hayana mwenyewe, yana zamu."

Nani huyu?
"Shangazi! Si Bibi Zuwena, mama yako?"
Mimi namjua. Msomaji je?
Alimwambia nani? Lini?
Kasimama wapi, na mkononi ana nini?
Usimtupe mtu ukurasani ukashika njia yako.
Mtaje kabla hajafungua kinywa,
na akimaliza usimrukie na hoja nyingine,
kaa naye kidogo, tuambie wewe umemsikiaje.

"Lakini inajieleza yenyewe."

Hakuna neno linalojieleza. Nenda kamuulize.

Akavuka uchochoro. Nikamaliza dele zima la kahawa,
nikahesabu tende, nikarudisha.
Alirudi na uso mwingine.

Hayakuwa maji.

Ni kweli alisimama mferejini,
wiki ya tano tangu tushuke ndege kutoka Unguja,
hajui hata neno la kuombea chumvi kwa jirani.
Ni kweli mgawa maji alikuwa akitazama kivuli cha kijiti
ajue saa ya nani imekwisha.
Ila mama alikuwa akisema na mke mwenziwe,
aliyekuwa wa nyumba ile kabla yetu,
aliyesimama mlangoni siku tatu mikono kiunoni.
Alimwambia kwa Kiswahili, akijua hataelewa.
Aliyesikia ni mtoto wa miaka sita
aliyeshika pindo la kanga.

Mtoto huyo ni mimi.
Ni mimi niliyempa Azza sentensi ile.
Ni mimi niliyeiandika ubaoni miaka ishirini na mitatu,
kila wiki ya mazingira, kwa chaki ya buluu,
na watoto wakaikariri, wakachora bomba linalovuja.

Nikamwambia Azza: basi, iondoe.
"Nilimuuliza," akasema. "Kasema niiache,
lakini nisisahau ndoo.
Kasema ilikuwa tupu."

Akaketi. Akaandika pale pale mezani,
kiyoyozi kikikoroma juu yetu,
akanisomea akigeuza kwa Kiswahili:

Mwaka aliorejea, akiwa na ndoo tupu mkononi,
bibi yangu alimwambia mke mwenziwe
kwamba maji "hayana mwenyewe, yana zamu";
hakuwa akisema juu ya mfereji,
lakini mfereji ndio uliompa maneno.

Nikashika kalamu nyekundu.
Nikatafuta pa kuiweka, sikupata.
Nikatia koma moja isiyohitajika, karibu na ndoo,
ili na mimi niwepo.